Mbiu, Bango na Redio: Kufundisha Jinsi Wafanyabiashara Wanavyowafikia Wanunuzi

Walimu wanafunzi warudipo chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha, aghalabu huleta lalamiko moja juu ya mada ya matangazo katika somo la Kiswahili. Husema kwamba wanafunzi wao waliandika vema tangazo la mkutano na tangazo la mbuzi aliyepotea, lakini walipotakiwa kuandika tangazo la biashara walinakili maneno ya redio neno kwa neno, au waliandika sentensi moja tu: "Njooni mnunue samaki." Kwa maoni yetu lawama hiyo haiwaangukii wanafunzi. Mada hii hufundishwa kana kwamba ni mtindo wa kuandika, wenye kichwa cha habari, mwili na saini. Kabla ya kuwa maandishi, tangazo ni uamuzi. Mtu mwenye bidhaa ameamua kumfikia mtu fulani, kwa njia fulani, kwa kusema jambo moja na kunyamazia jingine. Mwanafunzi asiyeuona uamuzi huo hana la kuandika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ambazo wafanyabiashara huzitumia kuwafikia wanunuzi, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuzifundisha. Mifano yetu tumeichukua Mtwara na pwani ya kusini, kutoka Mikindani hadi Msimbati na Kilambo, mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Mwalimu atakayepangiwa Bukoba au Pemba atabadilisha majina ya mahali na ya bidhaa. Njia zenyewe atazikuta huko huko.

Semi mbili zinazogombana

Yafaa kulianza somo kwa kuandika ubaoni semi mbili ambazo kila mtoto amekwisha kuzisikia nyumbani: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," na "Biashara ni matangazo." Mwalimu aligawe darasa pande mbili, kila upande utetee usemi wake. Asiharakishe kutoa hukumu, maana semi zote mbili ni za kweli, kila mmoja kwa wakati na mahali pake.

Usemi wa kwanza ni wa kijiji ambamo watu wote wanajuana. Mfinyanzi ambaye vyungu vyake havipasuki motoni hana haja ya kuvitembeza, kwa kuwa jirani humsimulia jirani. Vile vile usemi huo hupata nguvu bidhaa zinapoadimika. Wanafunzi wawaulize wazee wao habari za miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa foleni. Hakuna duka lililohitaji kubandika bango la sabuni wakati ule. Lori likionekana tu, habari ilikuwa imekwisha kuenea mji mzima. Baada ya biashara kulegezewa masharti, kuanzia katikati ya miaka ile, duka moja likawa na sabuni za aina nne juu ya rafu moja, na mwenye kila sabuni akalazimika kumpa mnunuzi sababu ya kunyosha mkono upande wake. Hapo usemi wa pili ndipo ulipopata nguvu. Wanafunzi wakilielewa badiliko hilo, watakuwa wameelewa chanzo cha matangazo.

Mchuuzi na mpiga mbiu

Njia ya kwanza na ya kale kuliko zote ni ya ana kwa ana. Watoto wa kusini wana haki ya kujua kwamba neno "machinga," ambalo leo Tanzania nzima hulitumia kwa mchuuzi anayetembeza bidhaa mkononi, limetokana na Wamachinga, watu wa mkoa jirani wa Lindi. Vijana wengi waliokwenda Dar es Salaam kuchuuza walitoka pande hizi, na jina la kabila likageuka kuwa jina la kazi.

Mchuuzi ana jambo moja ambalo redio haina, nalo ni kwamba anasikia jibu. Mnunuzi akikunja uso, hushusha bei. Akitaja mtoto mgonjwa, mazungumzo hugeuka. Hupunguza, huongeza, husifu, hunyamaza, yote hayo kabla ya dakika tano kwisha. Udhaifu wake ni kwamba humfikia mtu mmoja mmoja, na maneno yake hayabaki popote. Kesho hakuna ushahidi wa alichoahidi.

Mwalimu asisahau kwamba njia hii huenda pande zote mbili. Katika vijiji vya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, wanawake huenda mwambani kutafuta pweza maji yanapotoka wakati wa bamvua. Hapo wakala wa kampuni ndiye mnunuzi, na ndiye anayembembeleza mvuvi: hufika na barafu na mizani, hutaja bei, pengine hutoa mkopo mdogo ili pweza wa bamvua lijalo wasiende kwa mwingine. Mtoto wa Msimbati anayeyajua haya hatakubali kitabu kikimwambia kwamba siku zote muuzaji husema na mnunuzi husikiliza.

Njia ya pili ni mbiu. Zamani ilipigwa kwa pembe au ngoma. Leo ni gari au pikipiki yenye kipaza sauti, ikipita mtaa kwa mtaa kutangaza mnada wa nguo, chanjo ya kuku au mchezo wa mpira. Mbiu hufika kwa asiyejua kusoma na kwa asiye na redio. Lakini hupita haraka wala haiulizwi swali, ndiyo maana mpiga mbiu hodari hurudia mambo matatu tu: nini, wapi, lini. Lugha nayo huchaguliwa. Katika vijiji vya kando ya Ruvuma, ambako Kimakonde husemwa ng'ambo zote mbili za mto, muuzaji huanza kwa Kiswahili kisha akaingiza Kimakonde anapofika kwenye jambo la kuchekesha. Mwulize mwanafunzi kwa nini ni pale hasa. Tumeona majibu mazuri sana yakitoka kwa watoto ambao kwa kawaida hawanyoshi mkono.

Alama na rangi

Wapo wanunuzi wasiosoma maandishi lakini wanasoma alama. Mfano ulio wazi ni wa saruji. Kwa miaka mingi fundi wa Kitanzania alinunua saruji kwa jina la mnyama: Twiga ya kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, Simba ya Tanga, Tembo ya Mbeya. Picha ya mnyama juu ya mfuko ilitosha. Fundi alimtuma kijana dukani akaleta "simba watano" bila kukosea. Kiwanda cha Dangote kilipofunguliwa Mtwara mwaka 2015, kilikuja na jina la mwenye mali, Aliko Dangote wa Nigeria, badala ya mnyama. Je, ni sababu gani humfanya mtu mmoja ajitangaze kwa simba na mwingine kwa jina lake mwenyewe? Swali hili laweza kuzungumzwa kipindi kizima katika darasa la sita.

Khanga nazo zina alama zake. Wanawake wengi wa pwani, kabla ya kununua, hutafuta pembeni ya kitambaa maneno "Mali ya Abdulla," alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Hapo alama imekuwa dhamana: mnunuzi anaamini rangi haitachuja kwa sababu khanga ya mama yake haikuchuja.

Rangi ni alama nyepesi zaidi, na kwa kuwa ni nyepesi hubadilishwa. Kampuni za simu hupaka kuta za maduka rangi zao, na mwenye duka hupata rangi ya bure. Katika muda usiozidi miaka kumi kampuni moja iliitwa Celtel, kisha Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, na kila mara kuta zilipakwa upya. Mwaka 2024 Tigo nayo ikawa Yas. Ukuta wa zamani uliopauka, ambao jina la chini huanza kujitokeza chini ya jina la juu, ni zana ya kufundishia isiyogharimu hata senti. Mwalimu awapeleke watoto wakauone.

Walimu wa darasa la kwanza wana faida yao hapa. Mtoto asiyeweza bado kuunganisha silabi huitambua pakiti ya majani ya chai, kopo la rangi au chupa ya soda kwa mbali. Huko hatuwezi kukuita kusoma, ila ni mlango wa kusoma. Mwalimu akusanye pakiti tupu za chumvi, sabuni na kiberiti, awaulize watoto wamejuaje, kisha awaonyeshe herufi zilizomo ndani ya alama ile. Na katika pakiti hizo hizo awatafutie wakubwa nembo ya TBS, yaani ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Maneno mengine yote juu ya pakiti ni ya mwenye mali akijisifu. Nembo ile ni ya mtu wa tatu aliyepima. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa.

Nyongeza na udhamini

Nyongeza haihitaji maelezo marefu. Mama anayeuza nyanya huongeza moja juu ya fungu, na mnunuzi hurudi kesho. Kampuni kubwa inapotoa kikombe ndani ya ndoo ya sabuni hufanya jambo lile lile, isipokuwa kwamba bei ya kikombe imo katika bei ya ndoo. Ya nyanya pia imo.

Udhamini ni wa ujanja zaidi kwa sababu haufanani na tangazo. Ndanda ya Mtwara ilipoingia Ligi Kuu katika msimu wa 2014/2015, watu walijaa uwanja wa Nangwanda Sijaona kutazama mpira, si kusikiliza habari za simu. Hata hivyo kila mtangazaji aliyeitaja ligi aliitaja kwa jina la Vodacom. Tangu mwaka 2021 jina linalotajwa ni la benki ya NBC. Hakuna anayeambiwa "nunua." Jina limewekwa tu mahali pa furaha, likaachwa hapo.

Redio na simu

Redio humfikia mvuvi aliye ndani ya mashua na mkulima aliye chini ya mkorosho kwa saa ile ile moja. Nguvu hiyo haikugunduliwa na wafanyabiashara peke yao. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia karibu watu wazima milioni mbili nchini, na siri yake haikuwa redio tu. Kipindi kilisikilizwa katika kikundi, kikundi kikawa na kiongozi wake na kitabu chake, na baada ya majadiliano watu waliondoka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilianzisha, kitabu kikakumbusha, jirani akashawishi. Wafanyabiashara wa leo hufuata mpango huo huo kwa shabaha nyingine: redio hutaja jina, bango hulikumbusha njiani, na wakala aliyekaa chini ya mwavuli humalizia kazi.

Kuna maneno manne ambayo kila mtoto ameyasikia redioni: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Husemwa mwishoni, haraka haraka, baada ya sauti ya furaha kwisha. Mwalimu ayasome kwa kasi ile ile ya mtangazaji, darasa litacheka. Kisha aulize: kwa nini sehemu nyingine ya tangazo ilisemwa polepole? Ahadi ya tangazo imo katika sehemu ya polepole, na mipaka ya ahadi imo katika sehemu ya haraka.

Hasa mwalimu asiyapite kimya matangazo ya michezo ya kubahatisha, ambayo watoto huyasikia kila siku pamoja na habari za mpira. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Tangazo husimulia habari ya aliyeshinda. Waliopoteza hawana sauti ndani yake. Ujumbe mfupi wa simu nao una hila yake: huja kwa jina la mwenye simu, hivyo hufanana na barua kutoka kwa rafiki, ingawa maelfu wameupokea kwa wakati ule ule.

Bei ya korosho

Tumeyafikia mambo ambayo kwa ajili yake, hapa kusini, mada hii yastahili vipindi vyake vyote. Ada, daftari na viatu vya watoto wengi tunaowafundisha hutoka katika korosho, na korosho huuzwa kwa maneno kabla ya kuuzwa kwa kilo.

Tangu mwaka 2007 zao hili huuzwa mkoani Mtwara kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, chama huzifikisha ghala kuu, nazo hunadiwa. Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada imeendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Baada ya mnada hutangazwa bei ya juu na bei ya chini. Masikio ya binadamu huchagua. Redio husema mbili, mkulima hurudi nyumbani na moja, ile ya juu. Tena bei ya mnada siyo fedha itakayofika mkononi, kwa kuwa kuna makato kabla ya malipo. Hata bei isiyo na juu wala chini yaweza kuacha jambo nje. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe na kulituma jeshi kuzisomba, bei ya shilingi 3,300 kwa kilo ilijulikana nchi nzima karibu siku ile ile. Malipo kwa wakulima wengi yalichukua miezi. Bei ilitangazwa, lakini siku ya kulipwa haikuwa ndani ya tangazo.

Upande wa pili yuko mnunuzi wa kangomba, ambaye biashara yake hairuhusiwi na sheria. Hana bango wala redio, na hahitaji. Huja wakati wa njaa, kabla ya msimu, akaketi barazani, akajua nani ana mgonjwa na nani anadaiwa, akatoa fedha taslimu kwa korosho zilizo bado juu ya mti. Hupima kwa chombo chake mwenyewe. Kati ya njia zote tulizozieleza hii ndiyo iliyo kongwe na yenye nguvu kuliko zote, yaani mtu mmoja akisema na mtu mmoja. Tangazo la redio la mwezi wa Oktoba haliwezi kushindana na fedha za mwezi wa Machi. Mwalimu aseme hivyo waziwazi, asimfanye mkulima kuwa mjinga. Fedha za Machi ni unga.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na mwalimu aweke bei za msimu wake. Tuseme mkulima ana kilo 120. Redio imetangaza bei ya juu shilingi 4,000 na ya chini 3,900; korosho zake zimenunuliwa kwa bei ya chini, na makato yote ni shilingi 300 kwa kilo. Aliyesikia bei ya juu peke yake atangojea shilingi 480,000. Atakazopokea ni 3,600 mara 120, yaani 432,000. Sasa tuseme mnunuzi wa kangomba alimpa shilingi 1,500 kwa kila "kilo" ya chombo chake, na chombo kile hubeba kilo moja na robo. Kilo 120 zitajaza vyombo 96, na malipo yatakuwa 144,000, maana yake shilingi 1,200 kwa kilo ya kweli. Wanafunzi watafute wenyewe tofauti ya shilingi 288,000. Mwalimu asiwape jibu. Hapo hisabati na Kiswahili vimekutana katika kipindi kimoja bila mwalimu kulazimisha.

Katika kazi hii hatuna budi kuonya. Mwalimu asimwulize mtoto yeyote kama kwao waliuza kwa kangomba, wala asiruhusu watoto watajane. Darasani huenda ameketi mtoto wa aliyeuza karibu na mtoto wa aliyenunua.

Shule isigeuzwe bango

Mara kwa mara makampuni hufika shuleni na madaftari yenye majina yao, fulana, au ahadi ya kupaka rangi ukuta. Shule zetu zina shida, na mwalimu mkuu anayepokea rangi ya ukuta hatutamcheka. Hata hivyo mtoto humwamini mwalimu kuliko redio, na neno lolote lililoandikwa ukutani mwa shule husomeka kana kwamba mwalimu amelisema. Kwa maoni yetu rangi ipokewe ikiwa kamati ya shule imekubali na jina limebaki nje ya darasa. Daftari lenye jina la kampuni nalo laweza kutumiwa siku ile ile ya somo hili, wanafunzi wakaulizwa ni nani anayesema juu ya jalada lake, anasema na nani, anataka nini na ameacha kusema nini. Maswali hayo manne yafaa kuandikwa pembeni mwa ubao muda wote wa mada.

Zoezi la mwisho

Baada ya matembezi ya gulio na mazungumzo ya darasani, kila kikundi kipewe bidhaa moja, tuseme samaki wa kukaanga wa feri ya Mtwara, kiandike matangazo matatu: moja la mpiga mbiu anayepita kwa pikipiki, moja la karatasi itakayobandikwa hospitalini ambako watu hungoja kwa muda mrefu, na moja la ujumbe wa simu kwa wateja wanaofahamika. Wasipoona sababu ya kuyatofautisha, mwalimu awarudishe kwa wasikilizaji: huyu amesimama au anapita? Anaweza kuuliza? Anamjua muuzaji?

Katika kusahihisha, uzuri wa hati usiwe jambo la kwanza. Kundi ambalo halikutaja bei lisinyimwe alama papo hapo. Mwalimu awaulize kwa nini wameiacha. Wakijibu kwamba walisahau, warudie. Wakijibu kwamba bei ya samaki hupanda kusi ikivuma, na kwamba karatasi itakaa ukutani juma zima, wapewe alama zote.